Tathmini ya mzunguko wa maisha na tathmini ya hatari kwa mazingira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Wanaouliza maswali haya ni wa aina tatu: wahandisi wa idara za mazingira migodini, wanafunzi wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) wanaoandika memwari, na wajumbe wa kamati za kartie (mitaa) ambao ripoti huwafikia ikiwa imeshasainiwa. Mwenye haraka aanze na swali la 7 na la 8. Huko ndiko mabishano mengi huzaliwa.

## Misingi

1. Tathmini ya mzunguko wa maisha ni nini hasa?

Ni hesabu ya kila kinachochotwa kutoka katika mazingira na kila kinachorudishwa humo ili bidhaa fulani itengenezwe, itumike na hatimaye itupwe. Kwa kobalti ya Katanga hesabu huanzia shimoni, ikapita kwenye kinu cha kusaga mawe, kwenye matangi ya asidi, kwenye haidroksidi ya kobalti inayopakiwa katika mifuko mikubwa, kwenye malori yanayopanga foleni Kasumbalesa, kwenye meli, kwenye viwanda vya kusafishia ambavyo vingi viko China, mpaka kwenye betri ya gari na siku betri hiyo inapokufa. Taratibu zake zimo katika viwango vya ISO 14040 na ISO 14044 vya mwaka 2006, na hatua ni nne: kuweka lengo na mipaka, kuorodhesha vinavyoingia na vinavyotoka, kukadiria athari, kisha kufasiri. Katika ripoti za Kifaransa utaikuta ikiitwa ACV. Hapa tutaiita kwa kifupi *mzunguko*.

Kila namba hufungwa kwenye kazi inayofanywa, si kwenye uzito wa kitu. Ukitaka kulinganisha makala na gesi, usilinganishe gunia na chupa. Linganisha makala na gesi vinavyohitajika kuivisha sufuria moja ya bukari. Anayekosea hapa hukosea mpaka ukurasa wa mwisho.

2. Na tathmini ya hatari kwa mazingira?

Hii haianzi na bidhaa. Inaanza na mahali, na kiumbe anayeishi hapo: samaki wa mto Kafubu, bustani ya lengalenga kando ya kijito, mtoto anayecheza kwenye vumbi. Inauliza ni kiasi gani cha sumu kitamfikia, na ni kiasi gani kinatosha kumdhuru. Kiasi kinachotarajiwa kuwapo huandikwa PEC. Kiasi ambacho chini yake hakutarajiwi madhara huandikwa PNEC. Ukigawanya PEC kwa PNEC ukapata zaidi ya 1, kuna jambo la kushughulikia.

PNEC hupatikana kwa kuchukua matokeo ya maabara na kuyagawanya kwa namba ya tahadhari. Kwa utaratibu wa Ulaya, ukiwa na majaribio ya muda mfupi tu kwa mwani, kiroboto-maji na samaki, unagawanya kwa 1,000. Ukiwa na ya muda mrefu kwa makundi yote matatu, unagawanya kwa 10. Yaani usipojua mengi, unalipa kwa tahadhari kubwa zaidi.

Kwa kifupi tutaiita *hatari*.

3. Kwa nini tusichague moja tukaachana na nyingine?

Kwa sababu kila moja ina upofu wake. Mzunguko hauna anwani: kilo ya shaba iliyoingia kijitoni nyuma ya nyumba za watu na kilo iliyoingia mto mkubwa usio na mkazi huandikwa safu moja, zikajumlishwa. Hatari ina anwani, lakini macho yake yanaishia kwenye uzio wa eneo lililochunguzwa. Kiwanda kikiacha kuchoma salfa yake chenyewe kikaanza kununua asidi iliyotengenezwa mkoa mwingine au ng'ambo ya mpaka, hatari ya hapa inashuka, ripoti inapendeza, na moshi umehamia kwa jirani. Mzunguko ungemwona huyo jirani.

4. Tayari tuna EIES. Si inatosha?

Haitoshi, ingawa ni mahali pazuri pa kuanzia. EIES, yaani utafiti wa athari za mradi kwa mazingira na jamii, pamoja na mpango wake wa usimamizi (PGES), inatakiwa na Sheria ya Kongo namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 pamoja na Kanuni ya Migodi ya 2002 iliyorekebishwa 2018. Inaangalia mradi na eneo lake. Ndani yake mna vipande vya tathmini ya hatari, vingine vizuri, vingine vya kunakili kutoka mradi hadi mradi mpaka jina la mto linasahaulika kubadilishwa. Kuhusu chokaa inayotoka mbali au usafishaji unaofanyika nje ya nchi, EIES hunyamaza. Si kazi yake.

Faida yake ni kwamba data nyingi za mzunguko zimo humo tayari: maji yanayotumika, umeme, kemikali, tani za mabaki. Zitafute kwenye viambatisho kabla ya kulipa mtu azikusanye upya.

## Zinapokutana na zinapopishana

5. Zote mbili zinazungumzia sumu ya majini. Mbona majibu yake hayafanani?

Kwa sababu zinauliza maswali tofauti kwa maneno yale yale. Tofauti zipo nyingi. Nne ndizo huwagombanisha watu.

Ya kwanza ni wastani dhidi ya tahadhari. USEtox, modeli ya kukadiria sumu katika mzunguko, iliyojengwa chini ya UNEP (shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa) na SETAC (chama cha wanasayansi wa sumu na mazingira) na kutangazwa 2008, ilisimama kwa miaka mingi juu ya kiwango kinachogusa nusu ya spishi, kwa kuwa lengo lake ni kulinganisha kemikali kwa haki. Hatari hutazama wale wanyonge, kwa kawaida asilimia 5 ya spishi zinazoumia mapema, kwa kuwa lengo lake ni kulinda.

Ya pili ni kizingiti. Katika mzunguko, kila gramu inayoongezeka inaongeza alama, na kila inayopungua inapunguza. Katika hatari kuna mstari: chini yake unapumua, juu yake unawajibika. Ndiyo maana kiwanda kinaweza kupunguza utoaji wake kwa nusu, mzunguko ukakipongeza, na mto ukabaki vile vile juu ya mstari.

Ya tatu ni muda. Mzunguko hujumlisha mwaka mzima, na wakati mwingine maelfu ya miaka (swali la 12). Lubumbashi ina msimu wa kiangazi wenye vumbi na msimu wa mvua unaoosha kila kitu kuelekea mtoni. Mvua za kwanza baada ya ukame zinaweza kuleta kilele ambacho wastani wa mwaka hautakionyesha kamwe.

Ya nne, ambayo hapa kwetu ni nzito kuliko zote, ni uchafuzi uliokuwapo kabla. Soma swali la 13.

6. Kwa vitendo, tunaziunganishaje?

Njia zinazotumika ni tatu. Unaweza kuzifanya sambamba, kila moja kwa taratibu zake, mradi zitumie orodha moja ya vinavyoingia na vinavyotoka. Unaweza kufuata mnyororo wa mzunguko na kufanya tathmini ya hatari katika kila kituo chenye shaka: mgodini, kiwandani, barabarani, bandarini. Au unaweza kuuwekea mzunguko wenyewe vipengele vya kikanda, ili kilo iliyotoka Katanga isihesabiwe kama kilo iliyotoka Ulaya.

Ushauri wangu kwa ofisi isiyo na fedha nyingi: changanya ya kwanza na ya pili. Chora mnyororo mzima kwenye karatasi moja. Tumia mzunguko, hata wa makadirio, kuona vituo vizito ni vipi. Kisha peleka pesa za maabara kwenye vituo viwili au vitatu ambako kuna watu au maji karibu. Ya tatu inavutia wanafunzi kwa sababu ina ramani za rangi, lakini hata "kanda" katika modeli hizi ni kipande kikubwa cha bara. Kartie haionekani humo.

Jambo ambalo halina mjadala: orodha iwe moja. Nimeona ripoti mbili za kiwanda kimoja, mwaka mmoja, zenye tani tofauti za asidi. Msomaji akishagundua hilo, hakuna hitimisho atakaloliamini.

7. Je, tunaweza kuzijumlisha tukapata alama moja?

Hapana. Mzunguko unatoa kiasi kwa kila kizio cha bidhaa. Hatari inatoa uwiano kwa mahali na wakati. Ukivijumlisha unapata namba isiyo na maana, na mbaya zaidi, unampa mtu nafasi ya kulipia sumu ya mtoni kwa kaboni aliyookoa barabarani.

Anayetaka picha moja kwa ajili ya mkurugenzi amchoree jedwali: njia mbadala kwenye mistari, athari za mzunguko upande mmoja, uwiano wa hatari wa kila kituo upande wa pili. Mkurugenzi anaweza kusoma safu mbili.

8. Zikipingana, tufuate ipi?

Chukua kiwanda cha kubuni kinachomwaga maji yenye shaba na kobalti kwenye kijito kinachoingia Kafubu. Wanapendekeza kuyatibu kwa chokaa: pH inapanda, metali zinatuama kama tope, maji yanatoka yakiwa safi zaidi. Hatari inashuka sana. Lakini chokaa haitokani na hewa. Kuchoma mawe ya chokaa kupata tani moja ya chokaa hai kunaachilia karibu tani 0.79 ya kaboni dioksidi kwa kemia yake tu, kabla hujahesabu kuni, makaa ya mawe au dizeli ya tanuri. Ongeza malori. Ongeza tope, linalohitaji bwawa la kudumu lenye sakafu isiyovuja. Mzunguko utasema mradi wa kutibu maji umeongeza mzigo, na kuna mtu mezani atafurahi kusikia hivyo.

Kanuni ninayoitetea: hatari ni mlango, mzunguko ni mizani. Njia yoyote inayoacha uwiano juu ya 1 mahali watu wanapochota maji, kulima au kuvua haipiti mlangoni, hata kaboni yake ikiwa ndogo namna gani. Kati ya zilizopita, ndipo mzunguko unachagua. Katika mfano wetu swali linageuka kutoka "tutibu au tusitibu" kuwa "tutibu kwa chokaa ya wapi, kwa kurudisha maji kiasi gani kiwandani, kwa kupunguza asidi kiasi gani kabla haijahitaji kuzimwa." Mara nyingi jibu bora liko hapo mwisho: asidi ambayo hukuitumia haihitaji chokaa.

Kuna wanaopinga wakisema kaboni nayo inaua, ila mbali. Ni kweli. Ila aliye mbali ana wengi wa kumsemea, na aliye kando ya kijito ana mto mmoja tu.

## Takwimu na vipimo

9. Hatuna data za hapa. Tutumie za hifadhidata?

Tumia, lakini zitie alama. Hifadhidata kama ecoinvent ya Uswisi zina michakato ya shaba na kobalti, ila umeme, aina ya mawe na udhibiti wa vumbi huenda si vya kwenu. Vitu vya kubadilisha kwanza ni umeme (swali la 17), asidi ya salfuri, chokaa na kilomita za lori. Programu ya openLCA hupatikana bila malipo. Hifadhidata nyingi ndizo zinazouzwa.

10. Tupime nini mtoni?

Zaidi ya metali zenyewe, pima pH, ugumu wa maji na kaboni ya kikaboni iliyoyeyuka. Bila hivyo vitatu huwezi kujua shaba ni sumu kiasi gani, kwa kuwa kalisi na viozo vya mimea huizuia isishike kwenye matamvua ya samaki. Chuja sampuli kwa kichujio cha mikromita 0.45 palepale, na pima pia isiyochujwa. Chukua kabla ya bomba la kiwanda na baada yake, mwishoni mwa kiangazi na mvua zinapoanza. Uliza maabara kiwango cha chini wanachoweza kukiona. Jibu la "haikuonekana" kutoka kwenye mashine isiyoona vizuri halikuambii lolote.

11. Maji yetu yako chini ya kiwango cha WHO. Basi mto uko salama?

Kwa mnywaji, kwa metali hiyo, huenda. Kwa samaki, la. Mwongozo wa WHO kwa shaba katika maji ya kunywa ni miligramu 2 kwa lita. Viumbe wa maji baridi huanza kuumia kwa mikrogramu, yaani sehemu za elfu za miligramu. Maji ambayo binadamu anayanywa bila kudhurika na shaba yanaweza kuwa mto usio na uhai.

Tena, WHO haina mwongozo wa namba kwa kobalti katika maji ya kunywa. Ripoti ikiandika "kobalti inakidhi kiwango cha WHO", iulize kiwango kipi.

12. USEtox inatupa namba kubwa ajabu kwa shaba. Tumekosea?

Pengine hamjakosea. Metali haziozi, kwa hiyo modeli inayofuatilia dutu mpaka iishe huzipa metali uzito mkubwa. Tena katika ecoinvent, uvujaji wa mabwawa ya mabaki baada ya miaka 100 umeandikwa kando, hadi miaka 60,000. Ukiuweka, unameza kila kitu kingine. Ukiuondoa, umesamehe bwawa. Toa matokeo mara mbili, pamoja nao na bila wao, na useme wazi.

Kuhusu usahihi, waandishi wa USEtox wenyewe walisema vipengele vya sumu ya maji baridi vina mashaka ya mara 10 hadi 100, na vya afya ya binadamu mara 100 hadi 1,000. Anayetangaza kwamba bidhaa yake ni bora kwa asilimia 15 katika sumu hajasoma hilo.

## Hali ngumu

13. Uchafuzi wa zamani ni wa nani katika hesabu?

Tanuri la kuyeyushia shaba la Lubumbashi liliwashwa 1911. Upepo wa hapa huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, na moshi wa miongo mingi ulitua kaskazini-magharibi: ndiko kuliko ardhi iliyochakaa, na ndiko Penga Penga, ambako watafiti wa kilimo wa UNILU wamejaribu nyasi za kienyeji pamoja na chokaa na mboji ili shaba ishikwe ardhini isipeperuke.

Mzunguko wa kobalti ya leo hauugusi moshi huo. Ulishaandikwa kwa shaba iliyouzwa zamani. Kihesabu ni sawa. Lakini mwili wa mkazi hautengani na tarehe: unapokea cha jana na cha leo kwa pamoja. Utafiti wa UNILU na Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, uliochapishwa 2009 ulikuta kobalti nyingi zaidi kwenye mkojo wa watu wanaoishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya metali. Kwa hiyo katika hatari lazima PEC ijumuishe kilichopo tayari. Kiwanda kipya kinachosema "mchango wetu ni mdogo" kinaweza kuwa kinasema kweli, na bado hakuna nafasi iliyobaki ya kuongeza hata huo mdogo.

Kuhusu kuchakata upya mlima wa terili (lundo la mabaki ya zamani ya kiwanda): mzunguko utaupenda, kwa kuwa metali inapatikana bila kuchimba. Hatari itauliza vumbi la kazi yenyewe, na mabaki yatakayobaki yanaenda wapi. Yote mawili yaulizwe.

14. Vilima vya shaba vya asili vinapita PNEC. Je, navyo ni uchafuzi?

La. Katanga ina vilima ambavyo udongo wake ulijaa shaba kabla ya binadamu yeyote kuchimba, na mimea yake imeizoea. *Haumaniastrum katangense* iliwaongoza wanajiolojia kwenye madini. PNEC ya kitabuni ikitumika hapo itatangaza hatari juu ya bustani ya asili. Tumia usuli wa eneo husika, yaani kiasi kilichopo kiasili, ukiupima mahali penye mawe yale yale pasipo kiwanda. Na tahadhari na upande wa pili: kuna wanaopenda kuita kila kitu "usuli wa asili", hata kilichotoka kwenye bomba.

15. Wachimbaji wa mikono tuwaweke vipi?

Kwa kaboni, kilo ya madini iliyochimbwa kwa koleo na mikono inaweza kuonekana nzuri sana. Hakuna dizeli ya mashine kubwa. Sasa tazama Kasulo, kule Kolwezi, ambako watu walichimba chini ya nyumba zao. Utafiti uliochapishwa 2018 ulikuta kobalti nyingi kwenye vumbi la nyumbani na kwenye mkojo, hasa wa watoto, pamoja na dalili za madhara kwenye DNA. Sijui mfano unaoonyesha wazi zaidi kwa nini namba moja haitoshi.

16. Ajali zinahesabiwa wapi?

Katika hatari, kwa kuwa mzunguko hudhani kazi ya kawaida. Februari 2025 bwawa la mabaki lilibomoka Chambishi, Zambia, asidi ikaingia mto Kafue, na Kitwe ikakatiwa maji. Hakuna kizio cha bidhaa kinachobeba tukio hilo. Liandikeni kama tukio: uwezekano wake, kiasi kinachoweza kutoka, nani yuko chini ya bwawa. Msisahau malori ya asidi barabarani.

17. Mnunuzi anataka "kobalti ya kijani" kwa sababu umeme wetu ni wa maji. Tumpe?

Mpe namba ya kaboni, maana ataitaka: Kanuni ya Umoja wa Ulaya 2023/1542 kuhusu betri inadai tamko la nyayo ya kaboni kwa betri za magari ya umeme. Umeme wa Inga, Nseke au Mwadingusha unaishusha kweli. Ila hesabu na saa ambazo umeme wa SNEL (shirika la umeme la taifa) hukatika na jenereta ikanguruma. Kaboni ya dizeli hupanda haraka. Neno "kijani" lisiandikwe kabla ya kuambatisha jedwali la swali la 7. Kanuni hiyo hiyo inamtaka mnunuzi achunguze pia maji, udongo na hewa kwa wauzaji wake, kwa hiyo jedwali litamfaa yeye mwenyewe.

18. Tuwaelezeje wakazi wa kartie?

Kwa Kiswahili, kabla ya kusaini. Usiende na PAF (sehemu ya spishi zinazoweza kuguswa) wala PEC. Nenda na ramani yenye majina ya avenyu wanayoyajua, useme lengalenga za bustani ipi zipimwe tena, kisima kipi kisitumiwe, vumbi linapungua lini. Wamama wa bustani watauliza nani atawalipa wakizuiwa kulima. Swali hilo halimo katika ISO yoyote, na usipokuwa na jibu lake usiitishe mkutano bado.